Kupima vipokezi vya TLR kwenye damu ya mama mwenye aleji na ya kitovu cha mwanawe

TLR ni vipokezi ambavyo seli za kinga hutumia kutambua vijidudu. Nimetoka kumwelekeza mwanafunzi wa uzamili kazi hii. Swali lake nimeshaulizwa na wengi: mbona hata seli ambazo hatukuzichochea zinamwaga IL-6, protini ambayo seli za kinga hutoa zikiamshwa? Jibu liko hatua ya 4.

1. Mhakikishe mama. Kupiga chafya vumbi likitimka si kipimo. Pima IgE (kingamwili ya aleji) ya utitiri wa vumbi kwenye damu. Mpaka unaotumika sana ni 0.35 kU/L. Kipimo cha kuchoma ngozi kisubiri ajifungue.

2. Damu ya kitovu ivutwe kwa sindano kutoka kwenye mshipa uliofutwa vizuri. Kukamua kitovu juu ya chupa ni kuikaribisha damu ya mama. Ukishuku, pima IgA, kingamwili nyingine: haivuki kondo, hivyo ikiwa nyingi, ni ya mama. Chupa iwe ya heparini ili damu isigande, maana EDTA, kizuia kuganda kingine, hunasa kalsiamu ambayo seli zinaihitaji. Usiiweke kwenye friji.

3. Tenga seli za kinga kwa Ficoll (kimiminika kizito kinachozitenga na seli nyekundu) kama kawaida: zungusha kwenye sentrifuji kwa 400 g, nusu saa, breki imezimwa.

4. Weka seli kwenye vishimo vya sahani, kisha chochea kila kipokezi kwa kiamsho chake. LPS kwa TLR4, Pam3CSK4 kwa TLR2, poly I:C kwa TLR3, na vishimo vingine visiwekwe kitu. Hapa nilipoteza wiki tatu. Vishimo vitupu vilisoma IL-6 juu karibu sawa na vya LPS, nikaamini aleji ya mama imewaamsha watoto tangu tumboni. Kumbe ni chupa zetu za kioo! Nilikuwa nazipitisha kwenye otoklevu na kuridhika. Otoklevu huua bakteria, lakini LPS ni kipande cha ganda lake, na mvuke haukiondoi. Kwenye kioo huondoka kwa joto kavu, 250 °C kwa nusu saa. Mimi kioo nimeachana nacho, nanunua plastiki isiyo na endotoksini (yaani LPS), ghali na iwe ghali. Seramu ya kulishia seli nayo ikaguliwe kila ukifungua shehena mpya. Kumnasa mwizi, tia polimiksini B, dawa inayoishika LPS, kwenye kishimo kitupu: IL-6 ikishuka, ni LPS. (Usiitie kwenye vishimo vya LPS, utaua kipimo chenyewe.) Halafu LPS hung'ang'ania kuta za tyubu, itikise kwa nguvu kabla ya kuipima, la sivyo kila siku itakuwa na dozi yake.

5. Baada ya saa 24 vuta maji ya juu, gandisha kwa -80 °C, pima protini zilizomwagwa kwa ELISA (kipimo kinachozinasa kwa kingamwili). Kichanga hutoa TNF, protini nyingine ya aina ya IL-6, kidogo kuliko mama yake, wala hujakosea. Ila mama na mwanawe wakae sahani moja. Ukiwatenganisha, utakuwa unapima tofauti ya sahani.