Land Cruiser ya 1HZ ya mkononi kwa kuvuta tela: nini ufunge kwanza

Ukinunua Land Cruiser pikapu ya mkononi yenye 1HZ, mtu wa kwanza kukutana nae atakwambia funga tabo, kile kifaa cha kusukumia injini hewa zaidi ipate nguvu. Subiri kwanza. Hiyo injini ni cc 4,164, silinda sita, haina tabo toka kiwandani na ina nguvu ya kama farasi 130 tu, kwa hiyo ukiwa na tela lenye mzigo mlima Kitonga kule Iringa utapanda kwa gia ndogo na malori yatakupigia honi, ila utafika. Shida ni kushuka.

Ndo maana hela ya kwanza naipeleka kwenye breki. Pedi, diski, brekishuu za nyuma, na maji ya breki yamwagwe yote, maana yakikaa sana yananyonya unyevu, sasa mkiwa kwenye mteremko yanachemka na pedo inazama mpaka chini. Alafu tela nalo liwe na breki zake. Zile kilo 3,500 wanazozitaja kwenye hizi gari ni za tela lenye breki, lisilo na breki ni kilo 750 tu, sasa angalia matela yetu mtaani uniambie.

Cha pili ni joto. Chukua tochi umulike kati ya kondensa ya AC na rejeta, kwenye gari za kutoka porini utakuta matope na wadudu wameganda humo, na hapo muuzaji anakwambia haijawahi kuchemsha. Rejeta isafishwe au ibadilishwe, thamostati mpya, mfuniko mpya, na feni ukiizungusha kwa mkono injini ikiwa imezimwa ya moto isiwe nyepesi kama ya mezani. Timing belt, ule mkanda unaozungusha vavu sawa na injini, kama huna uhakika ilibadilishwa lini we badilisha, ni kila kilomita 100,000, ikikatika imekula vavu.

Springi usikimbilie. Kama nyuma inazama pima kwanza uzito unaokalia kitako cha kuvutia, pale tela linapofungwa kwenye gari, kawaida ni kama asilimia 10 ya tela, yaani tela la kilo 2,000 likandamize kama 200. Ukizidi, sogeza mzigo nyuma kidogo bure, ukipungua sana tela litaanza kucheza barabarani. Ukiweka springi ngumu sana siku ukiwa tupu utarushwa mpaka mgongo.

Haya sasa tabo, kama bado unaitaka. Geji ya joto la moshi ifungwe kabla yake, sio baada. 1HZ kompresheni yake, yaani inavyobana hewa ndani ya silinda, iko juu, zaidi ya 22 kwa 1, kwa hiyo presha ya tabo iwe ndogo, psi 7 au 8 inatosha sana, na kwenye mlima sindano ya hiyo geji ikikaribia digrii 700 za Selsiasi achia mafuta ushuke gia. Fundi anaekaza pampu mpaka gari itoe moshi mweusi alafu anachekelea, mkimbie, hiyo dizeli haijaungua vizuri na joto linapanda humo ndani. Ule mkonga wa kupumulia (snorkel), bomba la hewa linalopanda pembeni ya kioo, hauongezi nguvu, ni wa vumbi na mito.

Ukishafunga vyote vuta mzigo nusu kama kilomita 20, simama, usogeze mkono karibu na habu za tela moja moja bila kushika. Inayotoa joto kuliko wenzake, beringi imebana au breki haiachii.