Kabla ya kuandika menyu ya vipimo vya roboti yako

Usiku mmoja hapa Chake Chake nilirekebisha sensa za kigari changu, roboti inayofuata mstari mweusi sakafuni, juu ya meza ya kulia, chini ya taa. Sakafu nyeupe ikisoma 70 hivi, tepu nyeusi ya umeme ikipita 800. Nikaweka namba ya mpaka katikati ya hizo mbili, nikaenda kulala nimeridhika. Asubuhi nikakitoa barazani kuwaonesha watoto wa jirani. Jua lilikuwa limeshatandaa, na sensa hizi huona mwanga wa infraredi, ambao jua limejaa tele. Hata tepu nyeusi ikasomeka kama sakafu. Kigari kikanyoosha hadi ngazini, kikaporomoka, watoto wakapiga makofi.

Namba ya mpaka nilikuwa nimeifungia ndani ya programu, kwa hiyo kuibadilisha kulitaka kompyuta na kupakia programu upya. Menyu ya seriali, yaani orodha ya amri unazoiandikia roboti kupitia waya wa USB, huondoa adha hiyo: unachomeka waya, hata kwenye simu ya Android yenye kiunganishi cha OTG (kinachoiwezesha simu kuunganishwa na vifaa vya USB), unaandika herufi moja, namba inabadilika hapo hapo. Lakini menyu iliyoandikwa kwa pupa huleta balaa zake.

Anza na daftari. Andika namba zinazostahili kuingia: mpaka wa kila sensa, katikati ya servo (mota inayogeuka hadi pembe unayoiamuru), tofauti ya mota ya kushoto na ya kulia, kwani mota mbili za bei rahisi hazizunguki sawasawa hata zikitoka kwenye pakiti moja. Zisizobadilika ziache kwenye programu. Pembeni ya kila namba weka kima cha chini na cha juu. Servo nyingi za mchezo hukaa katikati kwa mapigo ya maikrosekunde 1500, na baina ya 1000 na 2000 huwa salama. Ukitaka 1500, kidole kikateleza ukaandika 2500, na menyu ikakubali, servo itajikaza kwenye kizuizi chake mpaka iungue au meno ya plastiki yakatike. Kwetu Pemba servo mpya maana yake ni kungoja boti. Menyu ikatae, na iseme imekataa kwa sababu gani.

Halafu amua namba zitalala wapi umeme ukizimwa. Bodi ya Arduino Uno R3, ambayo ndiyo ubongo wa kigari, ina baiti 1024 za EEPROM, kumbukumbu isiyofutika umeme ukizimwa; zinatosha na kubaki. Lakini kila seli yake imehakikishiwa kuandikwa mara 100,000 tu. Zinasikika nyingi; ukiandika kila mzunguko, mara 50 kwa sekunde, utazimaliza kwa dakika 33. Kwa hiyo iandikwe pale tu mtu anapotoa amri ya kuhifadhi. Mimi menyu yangu ni ya Kiswahili: s ya kusoma, b ya kubadilisha, h ya kuhifadhi, r ya kurudisha namba za mwanzo. Jambo jengine: EEPROM ambayo haijaguswa husoma 255 kila baiti, na namba kamili ya baiti mbili hutokea kuwa -1. Tanguliza alama yako mwenyewe pamoja na namba ya toleo. Alama isipoonekana, au toleo likiwa la zamani, roboti itumie namba za mwanzo badala ya kuokota uchafu.

Maneno ya menyu nayo yana gharama. Uno ina baiti 2048 tu za kumbukumbu ya kazi, na mistari 20 ya herufi 40, kila mmoja na baiti yake moja ya kufungia, inakula 820 kati ya hizo. Maneno hayo yaache kwenye kumbukumbu ya programu kwa kuyafunga ndani ya F(), la sivyo roboti itaanza vituko ambavyo utavitafuta wiki nzima.

Upande wa mawasiliano ni mfupi: kasi iwe moja pande zote mbili, biti 9600 au 115200 kwa sekunde, maana zikipishana utaona herufi za ajabu. Menyu ipuuze alama zote mbili za mwisho wa mstari (CR na LF), kwa kuwa kila programu ya seriali ina zake. Na waya ujaribiwe kwanza. Baadhi ya zinazouzwa ni za kuchaji tu, hazipitishi data.

Betri usiipime kwa umeme wa USB peke yake. Uno hupima kwa kulinganisha na volti yake yenyewe, na programu yako inadhani ni 5. USB ikileta 4.7, betri ya 6.4 itaonekana 6.8, nawe utaendelea kuitesa.

La mwisho nililijua kwa kidole changu. Ukifungua dirisha la seriali, Uno huanza upya, na programu inayowasha mota mara tu inapoamka itaziwasha nawe umekishika kigari. Mota zilale mpaka zipewe ruhusa, na unapopima, kigari kikae juu ya kigogo, magurudumu hewani. Kabla ya kuchomoa waya, nakili namba zote daftarini. Langu ni daftari la skuli lililopoteza jalada, na ukurasa wa kwanza bado una vipimo vya servo iliyokufa zamani.