Kutoa kwa kukopa: anza na njiti
Mtoto akiandika 52 − 27 = 35, usikimbilie kumwekea kosa. Muulize kafikaje. Wangu wengi hujibu, "Mwalimu, 2 haitoi 7, nikageuza."

Basi chukua njiti za fagio la chelewa, zifunge kumi kumi kwa uzi. Mpe mafungu 5 na njiti 2, mwambie akupe 27. Mafungu mawili atayatoa upesi, kisha atakwama. Nyamaza. Hapo ndipo mimi huharibu, mdomo unaniwasha! Ukivumilia, atafungua fungu mwenyewe: njiti 12, atoe 7, zibaki 5, na mafungu mawili. Ndipo aandike daftarini.

Neno "kukopa" nalileta mwisho kabisa. Kuna aliyeniuliza, "Mwalimu, ile kumi tutairudisha lini?"