Kufuga kuku wa mbegu tofauti kwa ajili ya mayai, hapa hapa Dodoma

Wakuu, kila mtu anauliza afuge kuku gani wa mayai, na mimi huwa namuuliza, unamuuzia nani? Wa chipsi mayai kule UDOM (Chuo Kikuu cha Dodoma) na stendi anataka trey nyingi (trey ni mayai 30), bei ya chini, na usimkatishe hata siku moja. Huyo mpe yai la kisasa. Mama wa nyumbani anataka la kienyeji lenye kiini cha njano na bei ya juu analipa, ananung'unika kidogo ila analipa.

Kwa hiyo kama una kieneo chako Nzuguni au Ihumwa, fuga mbegu zote ila usichanganye banda. Chotara, yaani mbegu iliyochanganywa, kama Sasso na Kuroiler ni wakubwa na walafi balaa, ukiwaweka na wale wekundu wa kisasa wanawafukuza kwenye chakula, halafu chakula cha kutagia kina chokaa nyingi, vifaranga na wanaokua wakikila kinawaharibu figo. Na kienyeji anayezurura kwa majirani ndiye anayekuletea ugonjwa wa mdondo (Newcastle) mpaka ndani.

Wa kisasa anaanza kutaga wiki ya 18 mpaka 20, akitunzwa vizuri anakupa mayai 280 na kuendelea kwa mwaka, lakini anakula, yaani anakula kweli, gramu kama 120 kwa siku. Kuku 50 ni kilo 6 kila siku iendayo kwa Mungu, na wakiwa kwenye kilele unaokota mayai kama 45, trey moja na nusu. Piga hesabu hiyo na bei ya chakula ya sasa kabla hujaagiza vifaranga. Huyu hahitaji jogoo, anataga tu.

Kienyeji anayejitafutia anataga 10 mpaka 15 anaanza kuatamia, kwa mwaka mzima 50 hivi, usimpangie oda ya trey. Faida yake ni bei, na kwamba anaatamia, wa kisasa hana habari hiyo. Chotara yupo katikati, majogoo unauza nyama, ila ukitotolesha mayai yake usitegemee watoto watafanana na mama.

Sasa joto letu. Oktoba na Novemba kuku anahema mdomo wazi, anakula kidogo, ganda la yai linakuwa jepesi, ukilishika tu limepasuka. Banda lijenge urefu wake uende mashariki magharibi ili jua lisiingie ubavuni, pande ndefu weka waya, chakula wape alfajiri na jioni, maji badilisha mchana yasiwe ya moto. Chini mwaga pumba za mpunga, Bahi zipo.

Ukichanganya chakula mwenyewe, mashudu ya alizeti huku siyo shida, mahindi chukua Kibaigwa wakati wa mavuno. Ila mahindi yetu ni meupe na kiini kinatoka kimepauka, hivyo waongezee mchicha au majani ya mlonge.

Chanjo ya mdondo ya I-2 ni tone moja jichoni, rudia kila miezi 3, wote siku moja, kienyeji wasibaki. Na ukiwapa antibayotiki, mayai usiuze mpaka siku zilizoandikwa kwenye kopo ziishe, hata kama wa chipsi anapiga simu kila saa.