Kupata Kipenyo cha Duara Usipoweza Kukipima Moja kwa Moja

Kipenyo ni mstari mnyofu unaotoka ukingo mmoja wa duara hadi ukingo wa pili ukipitia kitovu chake. Katika daftari mstari huo huchorwa bila taabu, lakini shina la mti uliosimama au bomba lililokwisha kufungwa haliruhusu rula kupita katikati, na kigae cha chungu kilichovunjika hakina hata duara kamili la kupimwa. Kwa hiyo, kabla ya kuchagua kanuni, jiulize ni kipimo gani unachoweza kukipata kwa uhakika.

Ukiwa na nusu kipenyo, kizidishe kwa 2, na kazi imekwisha.

Mara nyingi kipimo kilicho rahisi kupatikana ni mzingo, yaani urefu wa kulizunguka duara. Mzingo wa duara lolote, kubwa au dogo, ukigawanywa kwa kipenyo chake hutoa namba ileile iitwayo pai, ambayo ni takriban 3.14159. Archimedes wa Sirakusa, katika karne ya 3 kabla ya Kristo, alithibitisha kwa kutumia maumbo yenye pande 96 kwamba namba hiyo ni kubwa kuliko 3 na 10/71 lakini ni ndogo kuliko 3 na 1/7. Kikomo hicho cha juu ndicho tunachokiandika shuleni kama 22/7. Basi, ili kupata kipenyo, gawanya mzingo kwa pai, au zidisha mzingo kwa 7 kisha ugawanye kwa 22. Wataalamu wa misitu hufanya hivyo kwa kuzungushia utepe shina la mti, kwa kawaida kwenye kimo cha meta 1.3 kutoka ardhini: mzingo ukiwa sentimeta 220, kipenyo ni sentimeta 70. Utepe ulale sawasawa pande zote, kwa sababu ukienda mshazari mzingo huonekana mkubwa kuliko ulivyo, na kosa hilo huhamia kwenye kipenyo. Kuhusu 22/7 usiwe na wasiwasi: kwa mzingo wa meta 10, tofauti inayoletwa kwenye kipenyo ni kama milimita 1.3 tu.

Ikiwa unachokijua ni eneo, ligawanye kwa pai, tafuta kipeuo cha pili cha jibu, kisha zidisha kwa 2. Eneo la meta za mraba 154 likigawanywa kwa 22/7 hutoa 49, kipeuo chake cha pili ni 7, na kipenyo ni meta 14. Mpangilio wa hatua usivurugwe: anayezidisha 49 kwa 2 kwanza, ndipo atafute kipeuo, atapata takriban 9.9, jibu lililo mbali sana na ukweli.

Njia ninayoithamini kuliko zote ni ile ya kipande cha duara, ambayo humwezesha mwanaakiolojia aliyeokota kigae cha mdomo wa chungu kukadiria upana wa mdomo wote. Weka kigae juu ya karatasi na uchore tao la ukingo wake. Unganisha ncha mbili za tao kwa mstari mnyofu, upime urefu wake, kisha kutoka katikati ya mstari huo pima kimo cha tao kwa pembe mraba. Chukua nusu ya urefu wa mstari, izidishe kwa yenyewe, gawanya kwa kimo, halafu ongeza kimo hichohicho. Mstari ukiwa na sentimeta 12 na kimo sentimeta 2, nusu ya mstari ni 6. 6 mara 6 ni 36, gawanya kwa 2 upate 18, ongeza 2, na kipenyo ni sentimeta 20.

Hapa uangalifu mkubwa uwe kwenye kimo. Katika mfano huu, kimo kikisomwa 2.1 badala ya 2, kipenyo hushuka hadi takriban sentimeta 19.2, maana yake kosa la milimita 1 limezaa kosa linalozidi milimita 7. Kadiri kigae kinavyokuwa kidogo ndivyo kimo kinavyopungua na kosa kukua, kwa hiyo tumia kipande kirefu kuliko vyote ulivyo navyo, na kama vipo viwili vya chungu kimoja, pima vyote na ulinganishe majibu.