Kutazama treni za mbali ukiwa Tanga: bando, saa na honi

Mwongozo huu ni kwa wazee wetu waliostaafu reli, na kwa kijana wa nyumbani atakayewawekea simu au runinga janja.

Hatua ya 1: Chagua kamera moja

Fungua YouTube, tafuta Virtual Railfan, chaneli inayoonyesha kamera za reli mubashara, pamoja na jina la mji. Anza na Ashland, Virginia, huko Marekani, maana pale reli inapita katikati ya mtaa, nyumba kushoto na kulia, na treni inajaa kwenye picha. Anayependa kuona behewa zaidi ya mia zikijipinda mlimani aende Horseshoe Curve, Pennsylvania, kona iliyofunguliwa 1854. Video zinazobandika kamera sita kwenye skrini moja ziache, kwenye simu huambulii kitu.

Hatua ya 2: Punguza ubora wa picha

Ukiacha ubora ujipange wenyewe, bando litakwisha kabla treni haijafika. Hesabu ni hii: megabiti 1 kwa sekunde ni MB 450 kwa saa, kwa hiyo picha inayovuta megabiti 3 inakula GB 1.35 kila saa. Gusa alama ya gia, weka 360p kwenye simu, 480p kwenye runinga. Ukifungua video nyingine, hakikisha tena.

Hatua ya 3: Saa

Hapa ndipo wengi wanapokesha bure. Ratiba ya Marekani ikiandika 5:00 PM, mtu wa Tanga anasoma saa tano, anakaa kungoja usiku. Hiyo ni saa kumi na moja jioni, tena ya kwao. Dawa ni kufanya hesabu yote kwa tarakimu za saa 24, na kugeuza kuwa saa zetu mwishoni kabisa, si katikati.

Chukua Auto Train, inayobeba abiria pamoja na magari yao kutoka Lorton, Virginia, hadi Sanford, Florida. Ratiba inasema inaondoka 17:00. Majira yao ya joto unaongeza 7: unapata 24:00, yaani saa sita usiku kwetu. Majira ya baridi unaongeza 8: unapata 25, toa 24, inabaki 01:00, saa saba usiku, na tarehe yetu imeshageuka. Ashland iko kusini mwa Lorton, kwa hiyo ongeza zaidi ya saa moja ndipo ipite pale. Afadhali uitazame Mei hadi Julai, jua la huko likiwa bado halijazama. Desemba utaona taa tu.

Wamarekani husogeza saa mbele Jumapili ya pili ya Machi na kuirudisha Jumapili ya kwanza ya Novemba. Uingereza nao wana tarehe zao: Jumapili ya mwisho ya Machi na ya mwisho ya Oktoba. Usikariri. Kwenye saa ya dunia ya simu ongeza New York kwa kamera za Ashland na Horseshoe Curve, Chicago kwa zile za Rochelle (Illinois) na La Plata (Missouri), Los Angeles kwa ile ya Tehachapi (California).

Japani haina usumbufu huo. Haisogezi saa, na iko mbele yetu saa sita kamili, kwa hiyo tarakimu unayoitaja kwa Kiswahili ndiyo ya Tokyo: saa mbili asubuhi Tanga, kwao ni 2:00 PM. Asubuhi hapa, Marekani ni giza, tazama Japani.

Hatua ya 4: Sikiliza

Treni za mizigo za Marekani hazitangazi ratiba kwa umma. Shusha picha hadi 144p, pandisha sauti, endelea na shughuli zako. Zikikaribia kivuko cha barabara hupiga honi ndefu, ndefu, fupi, ndefu, kwa kawaida sekunde 15 hadi 20 kabla ya kufika. Ukiisikia, kimbilia skrini na upandishe ubora. Iko miji iliyozuia honi. Huko tegea kengele ya kivuko.

Hatua ya 5: Ikikupita

Vuta mstari wa video kurudi nyuma. Chaneli ikiruhusu, YouTube hutunza hadi saa 12. Ukimaliza gusa kitufe cha mubashara, la sivyo utaendelea kutazama yaliyopita huku ukilaumu treni kuchelewa.