SOMO: Pakua mara moja, simika kote – vitegemezi vya libvirt kwenye Debian 12

Somo hili ni la wenye kompyuta kadhaa na mega chache, wanaotaka kuendesha mashine pepe (kompyuta za kuigiza ndani ya kompyuta halisi) kwa libvirt, programu ya kuzisimamia. Hapa Lubumbashi wengi tunapakua kwa simu, na umeme unaweza kukatika kazi ikiwa katikati. Kwa hiyo tunapakua mara moja, tunaweka kwenye flashi, tunasimika popote.

Nimechagua KVM, kiendeshi cha mashine pepe, kwa sababu ya vitegemezi vyenyewe (vitu vingine ambavyo programu haiendi bila hivyo): imo ndani ya keneli, yaani kiini, ya Linux tangu toleo la 2.6.20, mwaka 2007. VirtualBox, programu nyingine ya kazi hiyo, hudai moduli yake (kipande kinachoongezwa kwenye keneli) ijengwe upya kila keneli inapobadilika. Linux-headers (faili za kujengea moduli) zinazolingana zikikosekana, mashine pepe zako zote zinagoma kuwaka.

Hatua ya 1. Angalia kama prosesa inakubali mashine pepe:

grep -E -c 'vmx|svm' /proc/cpuinfo

Ukipata 0, ingia BIOS uwashe uwezo huo, kama upo.

Hatua ya 2. Jua uzito kabla ya kutumia mega:

sudo apt-get install --assume-no --no-install-recommends qemu-system-x86 qemu-utils libvirt-daemon-system libvirt-clients dnsmasq-base virtinst

Itaorodhesha vifurushi na ukubwa wake, kisha itaacha.

Hapa tusiharakishe. Debian ina vitegemezi vya lazima na vya kupendekezwa. Kwa --no-install-recommends tunaruka vya kupendekezwa, na hapo ndipo mega zinaokolewa. Lakini dnsmasq-base imo kwenye hivyo vya kupendekezwa! Usipoitaja, libvirt itasimikwa bila kulalamika, halafu ukiandika virsh net-start default mtandao unakataa, maana hakuna wa kuzigawia mashine pepe anwani. Wala usiandike dnsmasq badala ya dnsmasq-base. Kile kifurushi kizima huanzisha huduma yake yenyewe kwenye bandari 53, ikagombana na ile ya libvirt kwenye 192.168.122.1.

Hatua ya 3. Rudia amri ileile, ila weka --download-only mahali pa --assume-no. Faili zitakaa /var/cache/apt/archives; zikikamilika, nakili .deb zote kwenye folda ya flashi. Mtandao ukikatika, rudia tu, itaendelea ilipofikia.

Fanya hatua hii kwenye kompyuta yenye Debian iliyosimikwa karibuni. apt-get huleta kile tu ambacho kompyuta hiyo inakosa. Ukipakulia kwenye kompyuta iliyojaa programu, maktaba ambazo tayari inazo hazitaingia kwenye flashi, na kompyuta ya pili itazidai.

Hatua ya 4. Kwenye kila kompyuta, ndani ya folda ya flashi:

sudo apt-get install --no-install-recommends ./*.deb
sudo adduser $USER libvirt
sudo virsh net-start default
sudo virsh net-autostart default

Toka, ingia tena, kisha virt-host-validate qemu ikuonyeshe kilichobaki.

MASWALI YA WANACHAMA (kwa mahali walipo)

*Likasi:* Jambo mukubwa, aksanti kwa somo. Ordinateri yangu iko na Ubuntu 22.04. Naweza kutumia flashi hiyo hiyo?

Hapana, ndugu yangu. Vifurushi hivi vimejengwa juu ya maktaba za Debian 12. Ukivilazimisha kwa dpkg --force-depends vitaingia, lakini apt itabaki na vitegemezi vilivyovunjika na kila usimikaji utakaofuata utakwama. Rudia hatua ya 3 kwenye Ubuntu yenyewe, utengeneze folda yake.

*Ruashi:* Kaka, niliondoa libvirt-daemon-system, nikapiga autoremove ifute vitegemezi visivyohitajika tena, lakini maktaba zote zimebaki. Kwa nini?

Kwa sababu ya ./*.deb. Kila faili uliyoitaja, apt inahesabu kwamba umeitaka wewe mwenyewe, hata kama ni maktaba tu. Baada ya hatua ya 4, zitambulishe upya kuwa ni vitegemezi tu, mfano sudo apt-mark auto libvirt0. Vile vifurushi sita vya hatua ya 2 viache vilivyo.

*Kamalondo:* Mwalimu, ninataka matoleo yasibadilike darasani. Nitumie apt-mark hold, ile amri ya kuzuia kifurushi kisisasishwe?

Inawezekana, dada, ila usishikilie kifurushi kimoja peke yake. libvirt-daemon inadai libvirt0 ya toleo lilelile kabisa; ukizuia moja, nyingine nayo haisogei. Tena hold inazuia hata marekebisho ya usalama. Shikilia hadi muhula uishe, halafu apt-mark unhold, na usasishe kompyuta zote siku moja kwa folda mpya ya flashi.